Walioingia Mnarani Saa Kumi

Jumatatu ile, saa kumi na dakika kumi za jioni, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amepita kwenye geti la uwanja wa Mnarani, na kile kibao chenye namba nyekundu juu ya geti kilikuwa kimeshafika sitini na moja.

Leonia alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki hatua nne kutoka pale, daftari mapajani, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuhesabu watu. Daftari lilikuwa jeupe. Lakini vile vyuma vya geti, vinavyozunguka kumpitisha mtu mmoja mmoja, vilikuwa vinazunguka. Ka. Kimya kidogo. Ka. Halafu ka-ka-ka, kama watu watatu wanaojuana wamefika pamoja wakisukumana. Kibao kikasoma sitini na sita.

Akatafuta mtu wa kumwambia. Ndani ya uwanja nyasi zilikuwa za kijani mpaka zinauma macho, zimekatwa sawa kama zulia la msikitini, na katikati ya nyasi alisimama Mzee Gervasi, mlinzi, kofia mkononi, anainamisha kichwa kulia na kushoto.

"Mwiriwe," anasema. "Mwiriwe. Mwiriwe."

Ndivyo watu wa huku wanavyosalimiana jioni. Ila mbele yake hakuna aliyekuwa anaitikia.

Sasa ili uelewe kwa nini Leonia hakutimua mbio, lazima ujue kilichompeleka pale. Mnarani ni uwanja wa manispaa, uko Katubuka mjini Kigoma, na Leonia kazaliwa nyumba ya tano kutoka ukutani. Enzi hizo nyasi hazikuwepo, ni vumbi jekundu tu, goli moja limeinama kama linasikiliza umbea, na ikifika saa kumi mtaa mzima unahamia humo. Wanaume na ndondo yao, wasichana na mpira wao, kina mama wa netiboli, wazee wa kutembea kwa ajili ya presha, wauza karanga. Mwaka jana manispaa ikaona uwanja ni mzigo, ikaukodisha kwa kampuni binafsi, mwaka mmoja wa majaribio. Na tuseme ukweli, kampuni ilifanya kazi. Ilipanda nyasi, ikanyoosha goli, ikajenga vyoo vyenye maji, ikapandisha ukuta mpaka mtu haruki, ikaweka geti la kadi. Mwezi wa kwanza kadi bure. Mwezi wa pili kadi ikawa na bei, na bei yenyewe ya mtu mwenye gari. Watu wakabaki nje wanazichungulia nyasi kupitia nondo za geti.

Mkataba ulikuwa na sharti moja jepesi. Wanaotumia uwanja wasipofika mia mbili kwa siku kwa wastani, kampuni inaondoka na geti linafunguliwa kwa wote. Wakifika, kampuni inapewa miaka ishirini. Katubuka nzima ilijua hawafiki hata kumi. Lakini ripoti ya geti, kila mwezi, ilisema mia mbili na kumi na nne. Kila siku ya Mungu. Hazipungui, haziongezeki.

"Nenda ukakae huko wiki nzima, uhesabu kwa macho yako," Bi Elinipa alimwambia Leonia. Bi Elinipa ndiye mkuu wa idara, mama wa Kipare aliyehamishiwa Kigoma miaka miwili nyuma, miwani mikubwa, maneno machache. "Jumatatu ijayo nataka namba. Sitaki hadithi."

Leonia alitoka ofisini anatembea kama anacheza. Msaidizi wa afisa michezo, hata mwaka hajamaliza kazini tangu atoke chuo, halafu anapewa kazi ya kurudisha uwanja wa kwao. Na alikuwa na sababu kubwa kuliko ya ofisi. Mdogo wake.

Happiness ana miaka kumi na tisa na ni kipa. Sio kipa wa kuwekwa golini kwa sababu hajui kukimbia, hapana. Yule binti alikuwa anaruka anaganda hewani, mpira unamfuata mikononi wenyewe. Barua ilikuwa imeshafika nyumbani, timu ya wanawake ya Dar inamwita kwenye majaribio, wiki mbili zijazo. Tatizo lilikuwa kwamba ikifika saa kumi jioni Happiness analala. Sio kusinzia. Analala kama aliyechomwa sindano, popote alipo, hata kama mwiko uko mkononi, mpaka saa kumi na mbili. Akiamka jasho linamtiririka, anacheka mwenyewe, anaomba maji. Mama yao akasema ni joto. Jirani naye akasema ni joto, maana hata wa kwake wanalala. Siku hizi saa kumi Katubuka ilikuwa inazima kama umeme umekatika, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu wa kushangaa nao walikuwa wamelala.

Leonia alikuwa amejipa jibu lake. Geti likifunguliwa, Happiness akapata pa kufanyia mazoezi jioni kama zamani, usingizi utamtoka. Kwa hiyo ile Jumatatu, geti lilipokuwa linazunguka peke yake, alichokiona yeye ni wizi. Mtu anachezea mashine. Akabaki kwenye kiti mpaka kibao kikagota mia mbili na kumi na nne, akaandika daftarini: sifuri.

Jumanne asubuhi akamfuata meneja. Walter ni kijana wa Moshi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ofisi yake iko chini ya jukwaa na feni haizimwi.

"Walter, geti lenu limekufa," Leonia alisema hata hajakaa.

"Karibu kwanza, dada. Kahawa? Hii ya kwenu, mimi naipenda, ila inanikosesha usingizi."

"Usingizi ungeomba hapo mtaani, tunao wa kugawa. Nimekwambia geti limekufa. Linahesabu hewa."

Walter akaweka kikombe chini. "Nimeleta fundi mara tatu. Wa tatu katoka Mwanza. Kalifungua lote, kalifunga, kaniambia ni zima. Na halihesabu hewa, linahesabu kadi. Njoo uone."

Akamgeuzia kompyuta. Majina. Orodha ndefu ya majina, kila jina na dakika lilipoingia. Kadi zote zilikuwa zile za mwezi wa bure, zimekwisha muda, geti halikutakiwa kuzikubali na lilikuwa linazikubali. Leonia akasoma kwenda chini. Castory, fundi cherehani wa sokoni Mwanga hapa hapa mjini, saa kumi kamili. Jeremia wa bodaboda, saa kumi na dakika moja. Mama Selestini wa netiboli, ambaye nyonga inamsumbua hata kwenda kanisani anapelekwa. Na dakika ya pili, Happiness Bonaventura.

"Huyu ni mdogo wangu," Leonia alisema.

"Basi muulize."

"Huyu jana saa kumi alikuwa amelala na sufuria ya samaki wa migebuka mapajani. Mama ndiye aliyemtoa sufuria."

Walter akaifunika kompyuta taratibu, kama anamfunika mtoto. "Dada, mimi saa kumi kasoro huwa sipo hapa. Huwa niko Mwanga nakunywa chai. Makao makuu wanazipenda hizo namba, wamenipandisha cheo kwa ajili yake. Mimi nakodisha uwanja tu. Wanaoingia wakiwa wananiogopesha, hilo halimo kwenye mkataba."

"Kesho usiende Mwanga. Kaa hapa, ushike simu."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ni geti lako, kaka. Mimi nina mdogo wangu wa kuangalia."

Jumatano Leonia alikaa nyumbani, kwenye mkeka, ana kwa ana na Happiness, simu sikioni. Kadi ya Happiness alikuwa ameitoa kwenye kabati, ameikalia. Happiness alikuwa anachambua maharage anamcheka.

"Da Leo, unanitazama kama unanidai. Ofisi imewafundisha hivyo?"

"Chambua maharage yako. Usilale."

"Silali. Leo sina hata usingizi. Wewe ukalale, macho yamekuiva. Na ukifika Dar kuniona nikicheza usije na hiyo sketi ya—"

Mkono ukasimama juu ya ungo. Happiness akaelekea ubavu wake wa kulia, polepole, kama mtu anayeshushwa na watu wawili wapole, akalala. Uso ukatulia. Vidole vyake vikaanza kucheza, vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba.

Simuni Walter alikuwa anapumua tu.

"Umeona nini?" Leonia akamnong'oneza.

"Happiness Bonaventura," Walter akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaingia sasa hivi. Dada, vile vyuma vimezunguka na mlinzi kamsalimia. Kamuuliza hali ya mama."

Mama yao alikuwa na homa tangu jana yake. Leonia hakuwa amemwambia mtu.

Alhamisi akaingia mwenyewe ndani, kwa mlango mdogo wa wafanyakazi ili geti lisimhesabu. Alipofika saa tisa na nusu nyasi zilikuwa zimesimama zote. Saa kumi zikaanza kulala, alama moja moja, upana wa unyayo, zinaenda katikati ya uwanja na kurudi. Hakuona mtu. Ila hewa ilikuwa ya watu, ile hewa ya moto ya jioni mkishajaa. Na ilinuka vumbi, vumbi jekundu lililonyunyiziwa maji, wakati pale hapakuwa na punje ya vumbi tangu mwaka jana. Mahali fulani nyuma yake mtu alitafuna karanga. Akageuka, nyasi tu.

Kilichomkalia moyoni ni goli la juu, lile lililokuwa limeinama. Mbele yake nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, pamechongeka mashimo mawili, la mguu wa kushoto na la mguu wa kulia. Happiness alikuwa anasimama hivyo hivyo, miguu mipana kupita wenzake. Leonia akasimama kando ya nguzo ya goli. Upepo wa kitu kinachoruka ukampita shavuni, wavu ukacheza, halafu kimya, halafu tena. Alikaa pale mpaka saa kumi na mbili, alama za wengine zikatoka uwanjani, geti likazunguka kwa nje, ka, ka, ka. Golini bado. Anaruka, anatua. Anaruka, anatua.

Happiness alikuwa hivyo toka mtoto. Wenzake wakimaliza yeye anabaki, anataka mashuti ishirini ya ziada. Na sasa ana majaribio Dar.

Kibao cha geti kina mistari miwili. Wa juu ulisema: walioingia, 214. Wa chini ulisema: waliotoka, 213.

Leonia alikimbia. Nyumba ya tano ni karibu, lakini aliiona mbali siku ile. Alimkuta mama yao amepiga magoti, kitambaa cha maji mkononi. Mtaa mzima umeshaamka, redio zinaimba, watu wanaomba maji. Happiness hakuamka. Wakampeleka zahanati kwa bodaboda ya Jeremia, amekaa katikati amefungwa kwa khanga. Nesi akapima presha, akapima malaria, akapima sukari, akasema mtoto mzima, kalala tu, akichoka ataamka. Ijumaa saa mbili asubuhi alikuwa bado amelala. Mama yao alimgeuza kiganja kumwosha, akamwita Leonia kwa mkono. Kiganja kilikuwa kimechubuka upya, na kwenye michubuko kulikuwa na rangi ya kijani.

Leonia hakwenda ofisini. Alikwenda kwa Mzee Gervasi.

Mzee huyu alikuwa mtunza uwanja wa manispaa miaka thelathini na moja, kampuni ikambakiza kama mlinzi kwa sababu ndiye anayejua bomba limepita wapi. Alikuwa nyuma ya jukwaa, anafagia mlango wa stoo yake ya zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Happiness kaamka?"

"Nani kakwambia hajaamka?"

Ufagio ukasimama. "Jana sikumuaga," akasema. "Wote niliwaaga, yeye sikumuaga. Nikadhani nimesahau."

Akachukua ufunguo shingoni, akafungua stoo.

Hapo Leonia akakumbuka. Pale Mnarani kuna desturi, na hata yeye aliifuata. Mchezaji akisafiri, labda anakwenda Ilagala kuvua dagaa mwezi mzima, labda anakwenda shule, haiachi namba yake hivi hivi ichukuliwe. Anampa mtunza uwanja jezi. Mtunza uwanja anaitundika msumarini, anasema, namba yako imekaa. Basi. Hakuna wa kuivaa, hakuna wa kuigusa, mpaka mwenyewe arudi aitoe kwa mkono wake. Leonia alivyokwenda chuo alitundika yake, alivyorudi akaitoa, na akacheza siku hiyo hiyo kama hakuondoka.

Stoo ilikuwa imejaa. Kuta nne, misumari mpaka juu. Jezi, fulana, sketi za netiboli, leso za wazee wa kutembea. Na zote zilikuwa zimelowa. Zilikuwa zinadondosha matone sakafuni, na stoo haikunuka ukungu, ilinuka jasho la leo.

"Siku ya mwisho ya kadi za bure," Mzee Gervasi akasema, "walikuja wote, wewe tu ulikuwa ofisini. Mstari mpaka barabarani. Wakasema mzee tushikie namba, hawa jamaa hawamalizi miezi miwili, tutarudi. Kadi nazo wakazifutika humo humo mifukoni na kwenye mikunjo, mimi nikatundika."

"Kadi ya Happiness iko nyumbani. Juzi niliikalia."

"Uliikalia ganda, mwanangu, kiini chake kiko na jezi. Mimi mwenyewe sikujua. Nimetundika jezi maisha yangu yote. Lakini za watu waliosafiri. Aliyesafiri, namba inamsubiri, na yeye huko aliko ana mambo yake. Hawa hawakusafiri. Mtu yuko nyumba ya tatu, namba yake iko hapa msumarini, saa kumi inafika, uwanja uko pale pale. Kimoja kikaanza kuita kingine."

"Na wewe ukanyamaza."

Mzee akavua kofia. "Nilibaki peke yangu na nyasi, Leonia. Unajua nyasi zinavyokuwa kimya? Halafu siku moja jioni wakaanza kuja. Nikawasalimia. Wangekuja kwako usingesalimia? Nilijua wanakuja. Kwamba mtu anaweza kukawia kurudi, hilo sikulijua, na kama unataka kunitukana nitukane."

Leonia hakuwa na muda wa kumtukana. Jezi ya Happiness ilikuwa ukuta wa kushoto, ya njano, namba moja, na yenyewe haikuwa inadondosha matone tu. Ilikuwa inapanda na kushuka kifuani, taratibu.

"Naitoa," akasema.

"Sikiliza kwanza. Mwenyewe akiitoa, anaondoka na mchezo wake. Akiitoa ndugu wa damu, mtu anarudi, lakini namba inaachia. Unajua hilo."

Alilijua. Mwaka mmoja Jeremia wa bodaboda alimtolea jezi mdogo wake aliyeugulia Uvinza. Kijana akarudi, akapona, na mguu wake wa kushoto, uliokuwa unasifiwa mpaka Kasulu, ukawa mguu tu wa kutembelea.

"Tukimbeba Happiness mpaka hapa? Nikamshikisha mimi?"

"Mtakuwa mmebeba mwili. Mkono wa kutoa ule uko golini."

"Tungoje saa kumi na mbili. Labda leo atatoka na wenzake."

Mzee akarudisha kofia kichwani. Wakatoka, wakasimama juu ya jukwaa, ziwa linaonekana kwa mbali kama bati jipya, na Leonia akangoja. Aliwaza ile barua ya Dar, mama yao aliivalisha mfuko wa plastiki isiingie mawese. Aliwaza Happiness mtoto, anadaka machungwa ya jirani. Saa kumi geti likaanza. Kibao cha walioingia kikagota mia mbili na kumi na tatu, maana mmoja tayari alikuwa ndani. Saa kumi na moja akapiga simu nyumbani. Mama yao akasema, midomo yake imekuwa baridi, mwanangu, njoo.

Leonia akaingia stoo, akashika jezi ya njano kwa mikono miwili, akaivuta. Ilikuwa nzito kama unamnyanyua mtu kutoka majini. Msumari ulilia. Kutoka uwanjani kukasikika kitu kikianguka chini golini, kishindo kimoja, na baada yake kelele zote zikasimama, hata ile ya kutafuna karanga. Walikuwa wanatazama. Hakuwaona lakini alijua, mgongo mzima ulijua. Akapita katikati yao na jezi kifuani, vyuma vikamzungukia, ka, na kibao cha waliotoka kikahesabu mmoja.

Happiness alikuwa amekaa kitandani anakula ugali.

"Da Leo," akasema, "mbona umekumbatia dekio?"

Mama yao alilia mpaka homa ikamtoka. Leonia naye alilia, halafu akacheka, halafu akatoka nje, kwa sababu habari kama ile haikai ndani ya mtu mmoja. Jioni hiyo hiyo alipita nyumba kwa nyumba. Jumamosi asubuhi Walter akafungua geti bure, hakutaka hata kuulizwa na makao makuu. Aliweka kiti mlangoni, akawa anasema karibuni, karibuni, chukueni vitu vyenu tafadhali. Mzee Gervasi akasimama stoo na ufunguo. Watu wako macho, mchana kweupe, kila mtu atoe yake kwa mkono wake, mchezo wake asiupoteze. Jambo lenyewe ni la dakika moja.

Walikuja tisa.

Leonia alimfuata Castory mpaka Mwanga, akamkuta kwenye cherehani anashona sare.

"Kaka Castory, hukuja."

"Nimesikia, dada. Ahsante."

"Kwa hiyo?"

Castory akakata uzi kwa meno. "Nikiitoa ile jezi nitacheza wapi? Kadi ile siwezi kulipia. Na hata ningeweza. Mimi hapa nina magoti ya mzee. Kule ni winga." Akatabasamu, akaona haya kidogo. "Juzi nilipiga krosi, dada, ungeiona."

"Happiness nusura afe."

"Happiness alizidisha. Sisi tukichoka tunatoka."

Mama Selestini alisema vilevile. Jeremia wa bodaboda hakumwacha hata amalize. Wengine walimfungia mlango kwa adabu, wakisema wanataka kupumzika, ni karibu saa kumi.

Jumatatu Leonia akampelekea Bi Elinipa ripoti. Siku tano, ile ya Jumatano kwa macho ya Walter, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Bi Elinipa akaiweka kando ya karatasi ya geti.

"Geti linasema wastani wa siku hizo tano ni karibu mia mbili na kumi na nne. Na Jumapili mia mbili na nne."

"Bosi, hakuna mtu anayeingia pale."

"Nyasi?"

"Zimekanyagika."

"Golini?"

"Pamechimbika."

Bi Elinipa akavua miwani, akamtazama kwa huruma kabisa. "Sasa mwanangu, uwanja hauna deni, nyasi zinatumika, geti lina majina ya watu, na hakuna mwananchi hata mmoja aliyeleta malalamiko. Mimi niandike nini?" Akagonga muhuri. Miaka ishirini.

Leonia alirudi nyumbani saa kumi kasoro, mtaa umeanza kuzima. Happiness alikuwa uani, macho makavu, anasuka nywele mwenyewe kwenye kioo kidogo. Alikuwa anaimba. Barua ya Dar alikuwa ameitoa kwenye mfuko wake, mfuko wenyewe ameutilia sukari.

Leonia akauchukua mpira kona ya jiko. Akamtupia polepole, usawa wa kifua, kama unavyomtupia mtoto anayeanza.

Happiness akauona unakuja. Akasogea pembeni kistaarabu, akaupisha, kama mtu anavyompisha mgeni njiani, na mpira ukampita ukagonga ukuta. Akaurudia wimbo wake pale alipouachia.